Zahanati yetu ya zamani inatajwa kugeuzwa ghala. Je, bado tuna nafasi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika mji mmoja wa mkoa wetu wa Tabora, naomba usiutaje. Zahanati yetu ya zamani, ambayo wazazi wetu waliichangia matofali na mchanga, ilifungwa kata ilipopata kituo cha afya. Iko tupu, milango imeanza kuoza. Sasa mtaani inasemwa kwamba Baraza limeshapitisha apewe mfanyabiashara aweke ghala la mazao. Hatukuulizwa. Mwanangu anayeishi Marekani ananiambia mji wake umeunda tume ya kuipitia hati ya mji, na wananchi wenyewe wataipigia kura. Baraza lao hilohilo limewauliza wakazi jengo la zamani la zimamoto ligeuzwe nini. Je, hati ya mji wetu sisi inapitiwa lini, na nani? Na hilo jengo ndiyo limekwenda?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na jengo, maana ndilo linalokuumiza. Kwa maelezo yako sioni ushahidi kwamba limekwenda. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vikao vya halmashauri, nikiandaa makabrasha na kuandika mihtasari, na habari ya "Baraza limeshapitisha" nimeisikia mtaani mara nyingi wakati suala lenyewe halijatoka hata mezani kwa wataalamu. Afisa anakwenda kuliangalia jengo akiwa na mtu mwenye fedha, watu wanawaona, jioni mtaa mzima unajua limeuzwa. Inawezekana kwenu mambo yamefika mbali zaidi. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kujua suala limefikia kikao gani. Kila kikao kina nguvu yake, na kila kimoja kina mahali ambapo mkazi anaweza kuingiza sauti.

Kabla ya huko nikujibu la hati, kwa sababu ndiko kunakoonyesha nani ana mamlaka juu ya nini.

Mwanao amekueleza sawasawa. Katika majimbo mengi ya Marekani mji unaweza kuwa na hati yake, inayosema meya ana madaraka gani, madiwani wawe wangapi na mtendaji mkuu aajiriwe na nani. Jimbo la Missouri ndilo lililotangulia kuiweka haki hiyo katika katiba yake, mwaka 1875, na mji wa St. Louis ukawa wa kwanza kuitumia. Hati ikitaka kubadilishwa, kwa kawaida huundwa tume ya wakazi, inasikiliza watu, kisha mapendekezo yanapelekwa kwenye sanduku la kura. Mji wa Portland, jimbo la Oregon, ulifanya hivyo Novemba 2022. Wapiga kura waliufuta mfumo uliokuwepo tangu 1913, ambao wajumbe wa baraza ndio waliokuwa wakisimamia idara za mji, wakaweka baraza la watu 12 kutoka kanda 4.

Kwetu hakuna kura ya namna hiyo. Ibara ya 145 ya Katiba inaagiza vyombo vya serikali za mitaa viwepo, na ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo kwake ni "kupeleka madaraka kwa wananchi". Chini ya hapo kuna Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya 1982, na ile ya Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka huohuo. Serikali kuu ndiyo inayouanzisha mji, ikautangaza katika Gazeti la Serikali. Na iliyoanzisha inaweza kuondoa. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Za miji zikaanza kurudi mwaka 1978, na zote zikasimama upya kwa sheria hizo za 1982. Mkurugenzi wenu naye ni mteule wa Rais, madiwani hawamwajiri. Mimi naamini ibara ya 146 inastahili meno kuliko iliyonayo, na ningefurahi kuona wakazi wa miji yetu wanaulizwa serikali yao ya mji iwe na muundo gani. Lakini ukisimama leo katika mkutano wa mtaa ukadai hati ya mji ipitiwe, utajibiwa kwa adabu kwamba hilo haliko katika uwezo wa kikao, na zamu yako ya kusema itakuwa imekwisha.

Kinachopitiwa kwetu mara kwa mara ni kanuni za kudumu na sheria ndogo. Kanuni za kudumu zinaendesha vikao: akidi, maswali ya madiwani, na wajibu wa diwani kutangaza maslahi yake katika jambo linalojadiliwa. Zitafute uzisome, hasa hapo kwenye maslahi. Sheria ndogo zinagusa ushuru, usafi, masoko na vibanda. Kabla haijapelekwa kwa waziri kuidhinishwa na kuchapwa Gazetini, sheria ndogo hutangazwa kwa wakazi ili watoe maoni au pingamizi. Tangazo hilo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, jua linalipausha, hakuna aliyelisoma, na miezi michache baadaye watu wanashangaa ushuru mpya umetoka wapi. Wewe ni mjumbe wa mtaa. Pita kwenye ubao ule kila unapokwenda kata.

Sasa tuje kwenye jengo. Kabla ya kubishana lifanywe nini, ijulikane ni la nani. Wengi wetu tunaita "la serikali" kila jengo ambalo si la mtu binafsi, kumbe wenyewe ni wengi. Stesheni ya Tabora ni ya Shirika la Reli. Nyumba nyingi za watumishi ziko chini ya Wakala wa Majengo. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ni wa CCM, na kumbi nyingi zilizojengwa kwa michango ya wananchi enzi za chama kimoja zilibaki mikononi mwa chama hicho vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Baraza la madiwani haliwezi kumpangisha mtu kisicho chake. Nimeona mtaa ukipigania ukumbi kwa miezi, barua zinakwenda kwa Mkurugenzi na zinarudi, mpaka siku moja afisa ardhi akafungua jalada na kuonyesha kwamba mmiliki ni taasisi nyingine kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuiandikia.

Kwa zahanati, mwenyewe anaelekea kuwa halmashauri. Hakikisheni katika sehemu tatu: daftari la mali za kudumu la halmashauri, mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, na jalada la kiwanja kule ardhi. Mkikuta halimo katika daftari la mali, pigeni kelele hapohapo, kwa maandishi. Jengo lisiloandikwa halina thamani kwenye vitabu, mkaguzi hana mahali pa kuliulizia, na siku likibadilisha mikono hakuna hesabu inayopungua.

Matofali ya wazazi wenu hayaufanyi mtaa kuwa mmiliki kisheria, ni vizuri mlijue hilo mapema msije mkajenga hoja yote juu yake. Hata hivyo yana uzito mkubwa kikaoni. Kama kuna daftari la michango la miaka ile, au muhtasari wenye majina ya waliochangia, litafuteni, hata kama limo kwenye sanduku la mwenyekiti wa zamani. Diwani akisimama barazani na daftari hilo mkononi, ni vigumu mtu kusema wakazi hawakuwa na haja ya kuulizwa.

Njia ya kawaida ya suala kama hili ni hii. Idara inaandika pendekezo, linapita katika timu ya menejimenti chini ya Mkurugenzi, linakwenda kwenye kamati za kudumu, ndipo linafika Baraza la Madiwani, ambalo hukaa katika mkutano wa kawaida angalau mara moja kila miezi 3. Kwa halmashauri ya mji, matumizi ya kiwanja huangaliwa na kamati ya mipango miji na mazingira, mapato na mkataba huangaliwa na kamati ya fedha na uongozi. Huku chini kuna mkutano wa wakazi wa mtaa, na kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani wenu. Inaonekana kwenu pendekezo limeanzia katikati likaziruka ngazi za chini. Hilo lisemeni wazi, bila matusi: kikao gani cha mtaa kililijadili, tarehe ngapi, muhtasari uko wapi. Swali hilo peke yake hurudisha masuala mengi nyuma.

Mkipata muhtasari wa Baraza, angalieni limefanya nini hasa. Baraza likiandikwa kwamba lilipokea taarifa, au kwamba liliagiza wataalamu wafanye tathmini, hakuna aliyepewa ufunguo. Likiandikwa kwamba liliazimia jengo lipangishwe, hapo mambo yamesogea, ingawa mkataba bado. Muhtasari una njia ya kuupata. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku zisizozidi 30.

Mkutano wa Baraza uko wazi. Unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza, lakini huna nafasi ya kusema. Anayesema ni diwani, na diwani aliyepata habari zako asubuhi ya kikao hawezi kukusaidia, hata kama anakupenda. Mfuateni wiki mbili au tatu kabla, mkiwa na karatasi moja tu yenye hoja. Akitaka kuuliza swali la maandishi ana muda wa kuliwasilisha. Na msimsahau diwani wa viti maalumu, ana kura sawa na wengine.

Tuseme sasa azimio lipo. Hata hapo mfanyabiashara hachukui jengo kwa kupeana mikono na mtu. Sheria ya Ununuzi wa Umma, iliyoandikwa upya mwaka 2023, inagusa pia namna mali za umma zinavyouzwa au kupangishwa, na msingi wake ni ushindani wa wazi. Kwanza mthamini aseme kodi ya haki ni kiasi gani katika eneo hilo, kisha watu wote watangaziwe. Kama mwekezaji anataka kujenga upya na kuendesha kwa miaka mingi, hapo tumeingia kwenye ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi, ambao una sheria yake ya mwaka 2010 na masharti mazito zaidi.

Kuna kifungu kimoja cha mkataba ambacho ningependa mkikague kuliko vyote. Mpangaji husema: jengo ni bovu, nitalikarabati kwa fedha zangu, gharama mzikate kwenye kodi. Linasikika vizuri, na linaweza kuwa jambo zuri. Tatizo huanza pale kazi inapofanyika bila makadirio ya mhandisi wa halmashauri. Mpangaji analeta risiti zake, bati kwa bei yake, fundi kwa bei yake, deni la halmashauri kwake linakua kila mwaka, na miaka kumi baadaye hakuna shilingi ya kodi iliyoingia. Mkienda kuuliza mnaambiwa bado anajilipa. Kwa hiyo dai lenu liwe hili: mhandisi aandike makadirio kabla ya kazi, mkataba utaje kikomo cha fedha zitakazokatwa na mwaka wa mwisho wa kuzikata, kazi ikaguliwe ikiisha, na kodi yote ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, asipewe mtu mkononi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri zote kila mwaka, na mkataba usio na mambo hayo ndio anaoupenda kuuandikia hoja.

Kuhusu ghala lenyewe mimi nina msimamo, nitausema. Sitaki kuona ghala la mazao katika jengo lile. Kiwanja cha zahanati katika mchoro wa mipango miji kimetengwa kwa huduma za jamii. Kukifanya cha biashara ya ghala ni mabadiliko ya matumizi, yana utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na majirani wana haki ya kusikilizwa. Ghala lina malori ya usiku, lina dawa za kuulia wadudu, na likiwekwa tumbaku, kama ilivyo kawaida ya mkoa wetu, harufu na hatari ya moto vinaingia katikati ya nyumba za watu.

Kisha kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa katika pendekezo hata moja la kugeuza zahanati. Zungukeni nyuma ya jengo. Zahanati iliyokuwa ikizalisha ina shimo la kondo la nyuma, kwa kawaida lenye mfuniko wa zege, na pembeni yake kichomea taka cha matofali. Karibu na hicho kichomea, ukikwangua udongo, mara nyingi utakuta vichupa na sindano zilizoungua nusu. Ndani, chumba cha kufungia vidonda na cha kujifungulia vina mifereji ya maji iliyokwenda kwenye shimo lake. Hayo yote lazima Afisa Afya ayakague, mashimo yafukiwe na kufunikwa kwa utaratibu wa kitaalamu, udongo wenye vitu vya ncha kali uondolewe, kabla ya mtu yeyote kuweka hapo gunia la mchele au mtoto wa miaka minne. Angalieni na paa. Majengo mengi ya umma ya miongo iliyopita yaliezekwa kwa vigae vya asbesto, vile vya kijivu vinavyofanana na bati la saruji. Visivunjwe kwa nyundo na vijana wa mtaa kwa posho ya siku moja. Vumbi lake linaua mapafu taratibu, kwa hiyo kuviondoa ni kazi ya watu wenye vifaa, chini ya usimamizi wa watu wa mazingira.

Umetaja kwamba jengo ni la zamani. Ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyapata moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye, hata ya Wajerumani waliofikisha reli Tabora mwaka 1912, yanahitaji kutangazwa na waziri. Zahanati yenu haitapita huko, msipoteze muda. Ila mkoa wetu unajua kutumia tena majengo. Hoteli kongwe ya Tabora mjini ni jengo la Wajerumani na bado inalaza wageni. Jengo likiwa na mtu wa kulifungua kila asubuhi hudumu. Likifungwa huanza kuliwa na mchwa kwenye fremu za milango, kisha wezi wanafuata bati.

Hapo ndipo penye udhaifu wa mitaa mingi. Inakataa ghala, halafu haina pendekezo lake, na Baraza linabaki na chaguo moja mezani. Nendeni na la kwenu. Kama ni kituo cha kulelea watoto mchana, semeni nani atakiendesha na nani atalipa maji na umeme. Kama ni karakana ya kikundi cha wanawake ya kufungasha asali, kikundi kiwe kimesajiliwa, na kumbukeni kwamba halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Mimi ningependekeza mchanganyiko: chumba cha mbele kipangishwe kwa duka la dawa, kodi yake ilipie matengenezo, vyumba vilivyobaki viwe vya watoto na ofisi ya mtaa. Diwani wa kamati ya fedha akiona kuna kodi, hata kidogo, hoja yenu inakuwa rahisi kuitetea.

Fedha za ukarabati nazo zina majira. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, na Baraza huipitisha rasimu yake mwanzoni mwa mwaka. Mradi uingie katika mpango wa mtaa kwa njia ya Fursa na Vikwazo, yaani wakazi wenyewe kukaa na kupanga vipaumbele vyao, upite kata, ufike halmashauri kabla ya Desemba. Ukichelewa hapo unasubiri mwaka mzima.

Mahakama iwe ya mwisho. Kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ni gharama. Mkiona dalili za rushwa katika kumpata mpangaji, TAKUKURU wana ofisi wilayani.

Wiki hii andikeni barua moja kwa Mkurugenzi, kupitia mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata. Ombeni mambo manne tu: nakala ya muhtasari wa kikao chochote kilichojadili jengo hilo, ukurasa wa daftari la mali unaolihusu, matumizi ya kiwanja kwenye mchoro wa mipango miji, na kwamba hakuna mkataba utakaosainiwa kabla ya mkutano wa wakazi wa mtaa. Tajeni Sheria ya 2016 na zile siku 30. Ambatanisheni muhtasari wa kikao chenu cha kamati ya mtaa kilichoamua kuandika barua hiyo, wenye mahudhurio na sahihi. Pelekeni kwa mkono masijala, mgongewe muhuri wa mapokezi wenye tarehe kwenye nakala yenu, na nakala nyingine apate diwani siku hiyohiyo.